Meno Mawili ya Semeni

Nunu, mwanangu, acha kunipepea kwanza, uje ukae hapa mkono wangu wa kulia. Hamdun, wewe kaa upande wa miguu, nikuone uso. Flavia, usisimame mlangoni kama mgeni. Humu ndani umekula na kunywa miaka miwili sasa, na nitakayoyasema yanakuhusu kuliko unavyodhani. Na wewe, Mzee Tobias, kiti hicho ni chako, kaa vizuri, usikae ukingoni kama mtu anayetaka kuaga. Umetoka Sikonge kwa baiskeli kwa sababu nimekuita, na nimekuita usikie kwa masikio yako yale uliyonitaka niyaseme mbele ya bintiyo na mbele ya wanangu.

Sikilizeni. Daktari wa hospitali alikuja jana, akanigonga kifua, akaniambia maneno mazuri. Mimi nimewaambia wagonjwa maneno mazuri zaidi ya miaka ishirini, nayajua yanatoka wapi. Maji yamejaa kifuani na pumzi inakuja kwa kuombwa. Kwa hiyo nitasema sasa hivi, mchana huu, akili yangu ikiwa timamu, na ninawaomba msinikatize hata mkisikia la kuwaumiza.

Nianze na nyumba, maana habari yake ni fupi. Nyumba hii aliijenga babu yangu Hamoud, aliyekuja na misafara kutoka pwani akaweka makazi hapa Unyanyembe. Tangu mwaka wa sabini na moja si yetu tena, ni ya serikali, nasi ni wapangaji humu. Hamdun, uliniandikia barua ya hasira kutoka masomoni, nikakujibu utulie, na leo nakwambia tena utulie. Paa halivuji, mlango unafungwa, hakuna aliyetutoa nje. Usiende kuishi maisha yako yote na kinyongo cha kuta. Wala msisimulie habari za misafara ile kwa kujivuna, kama jamaa zetu wanavyofanya kwenye harusi. Pembe za ndovu hazikutembea zenyewe. Zilibebwa na watu, na wengine katika watu hao hawakuwa na hiari. Babu yake huyu Tobias alikwenda Bagamoyo na kurudi mara tatu na mzigo wa babu yangu kichwani. Tobias mwenyewe ndiye aliyenisimulia, zamani, tena akicheka.

Sasa kazi. Kazi ya meno nilijifunza kwa daktari mmoja Mhindi aliyekuwa karibu na stesheni, nikianza kwa kufagia na kuchemsha vifaa, hata nikapata cheti Dar es Salaam na leseni yangu mkononi. Mwaka wa hamsini na nne nikafungua kliniki hapa mbele ya nyumba. Msaidizi wangu wa kwanza alikuwa Tobias Lugembe, Mkatoliki wa Sikonge, mwandiko wake mzuri kuliko wa karani yeyote wa boma, na mkono wake umetulia wakati wangu unatetemeka kwa njaa. Nilikuwa nafanya kila kitu siku zile: kung'oa, kuziba, kusafisha, kupasua majipu ya fizi. Foleni ilianza kibarazani ikaishia kwa muuza mkaa, na mimi nikiitazama foleni ile najiona bingwa. Sikuwa bingwa, wanangu. Nilikuwa mtu aliyechoka asiyejua kukataa. Mama yenu Tufaha, Mungu amrehemu, aliniletea chai ikapoa, akaniletea nyingine ikapoa, mwishowe akaacha kuleta.

Ulipoingia mwaka wa kwanza baada ya Uhuru, msimu wa tumbaku, mji umejaa watu, alikuja msichana wa mtaa wa Cheyo, Semeni binti Ngollo, ameposwa, harusi wiki sita mbele. Alikuwa na gego linalomuuma. Siku hiyo hiyo alikuja mama mmoja mtu mzima, naye jina lake Semeni, na huyo meno yake mawili ya mbele ya juu yalikuwa yamelegea, yang'olewe. Tobias aliandika kadi mbili, safi kabisa, kila moja na jina la baba. Mimi nilikuwa nimefika mgonjwa wa arobaini na ngapi sijui, nikanyakua kadi ya juu bila kuisoma vizuri, nikamchoma msichana sindano ya ganzi ya mbele.

Tobias alikuwa nyuma yangu ameshika taa. Akasema polepole, "Bwana Humaidi, kadi hiyo si ya huyu. Huyu ni wa gego."

Nikamwambia, "Shika taa."

Akasema tena, "Bwana, tazama jina la baba."

Nikamwambia, "Nimekuajiri ushike taa au unifundishe kazi?"

Nikang'oa la kwanza. Nikang'oa la pili. Yalitoka kwa shida, maana yalikuwa mazima, yameushika mfupa, na mkono wangu ulijua kabla akili yangu haijakubali. Nilipoyaweka kwenye bakuli nikaiona mizizi yake, mirefu, safi, haina doa. Yule binti alikuwa ananitazama kwa macho ya kuniamini, akidhani ndivyo magego yanavyotibiwa.

Jioni ile baba yake, Mzee Ngollo, alikuja na nduguze watatu. Nilisimama kibarazani na koti langu jeupe. Akauliza, "Nani amemfanyia mwanangu hivi?" Nunu, ulikuwa binti mkubwa, ulikuwa ndani, huenda uliisikia sauti yake. Jibu langu hukulisikia, kwa sababu nililitoa kwa sauti ndogo. Nilisema, "Msaidizi wangu alichanganya kadi."

Tobias alikuwa mlangoni na beseni mkononi. Mzee Ngollo alimpiga bakora mbili za bega. Tobias hakumtazama anayempiga. Alinitazama mimi. Kesho yake asubuhi nikamfukuza kazi, maana ningemweka vipi pale, kila siku ananitazama? Na bado hamjasikia lililo baya zaidi. Tobias alikuwa ameitwa chuoni akasomee utabibu wa meno, na chuo kilitaka barua ya mwajiri. Barua ile sikuiandika. Nafasi ikapita. Akafunga sanduku lake akarudi Sikonge kulima tumbaku na kufuga nyuki, na nyuma yake hapa mjini habari ikatembea kwamba Tobias Lugembe ndiye aliyemharibu binti Ngollo. Babu yangu alimtwisha babu yake pembe, nami nikamtwisha yeye kosa langu, na mzigo wangu ulikuwa mzito zaidi kwa sababu haukuwa na mwisho wa safari.

Maji kidogo, Nunu. Basi, yanatosha.

Mchumba wa Semeni alileta udhuru, akaahirisha, kisha akaoa kwingine. Binti akawa anatembea na kanga mdomoni. Nikaona siwezi kuvumilia. Nikafunga kliniki, nikaenda Dar es Salaam miezi minne kujifunza kutengeneza meno bandia, kazi nisiyoijua hata kidogo. Niliharibu plasta na nta nyingi nikiwa mtu mzima mbele ya vijana. Nikarudi nikamtengenezea Semeni meno mawili, nikayasugua siku tatu mpaka rangi ikafanana na ya jirani zake. Nilipompa kioo hakucheka. Alianza kutaja majina ya ndugu zake, mmoja mmoja, asikie kama herufi zinatoka sawa. Zilitoka sawa. Ndipo akaiweka kanga mabegani.

Siku hiyo nikajua nitafanya kazi moja tu mpaka nife. Meno bandia, na mataya yaliyovunjika, basi. Wa kung'oa nikawapeleka hospitali ya serikali. Foleni ikaisha, watu wakasema Humaidi amefilisika. Ukaja wewe, Nunu, umemaliza shule, ukakaa pale mbele na daftari lako, ukanipangia watu kumi kwa siku, kila mmoja na saa yake. Watu wa Igunga wanaoteremka kwenye malori ukawapa asubuhi wawahi kurudi, wa mjini ukawaweka alasiri. Nilikukasirikia, unakumbuka? Nilisema watu si treni. Ukanijibu, "Baba, mtu anayengoja kutwa anaingia kwako na hofu ya kutwa." Tangu hapo sijawahi kuona mtu akikaa kwenye kile kiti akitetemeka kama wale wa zamani. Nami nikaanza kunywa chai ikiwa ya moto. Nikala mchana na mke wangu miaka saba kabla Mungu hajamchukua, na miaka saba hiyo nimeipata kwa akili yako, sijawahi kukushukuru. Nakushukuru leo.

Watu walinisifu sana. Walikuja kutoka Nzega, kutoka Kigoma kwa gari moshi, na kila aliyeondoka anacheka aliniacha nimefurahi mpaka afike mlangoni. Pale mlangoni ndipo Tobias alipokuwa amesimama na beseni.

Miaka miwili iliyopita Semeni alikuja. Ameolewa Igunga na mkulima wa pamba, ana watoto watano, na meno yalikuwa yamelegea kwa sababu fizi hupungua. Nilikuwa nampima, sisi wawili tu, nikaweka nta chini nikamwambia ukweli wote. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mzee Humaidi, siku ile ulinichoma ganzi kinywani, hukunichoma masikioni. Nilimsikia Tobias mara zote mbili."

Nikamwuliza, "Mbona hukusema, mwanangu?"

Akasema, "Kinywa kilikuwa kimejaa pamba na damu. Kilipopona, baba alikuwa ameshampiga mtu, hakutaka kusikia kwamba alimpiga asiye na kosa. Tena wewe ndiye uliyekuwa unanitengenezea meno. Ningesema, nani angeyamaliza?"

Akanishika mkono huu huu akasema, "Mimi nimeshaolewa, nimeshazaa, nacheka. Usiniombe mimi. Nenda Sikonge."

Nikaenda. Ulikuwa mwaka watu wanahamishiwa vijijini, na Tobias ameondolewa kwenye ardhi yake, mizinga yake ameiacha porini mwendo wa siku nzima. Nilimkuta kwenye kijiji kipya, nyumba haijaezekwa, anafunga gome la mzinga kwa kamba. Nikatoa salamu, akaitikia bila kuinuka. Nikasema niliyoyabeba. Alimaliza kufunga lile gome kwanza. Kisha akasema, unakumbuka, Tobias? Ulisema, "Umechukua miaka kumi na miwili kufika Sikonge. Wapagazi na mizigo yao walikuwa wepesi kuliko wewe."

Nilikuwa nimekwenda na ng'ombe wawili wa kuomba radhi. Ukawarudisha. Ukasema, "Sitaki radhi ya huku porini wanayoisikia nyuki. Watoto wangu wamekua wakijua baba yao alimharibu binti wa watu. Useme mbele yao, na mbele ya wako."

Nikaahidi. Nikamwona Flavia anachonga kijiko cha mti, nikatazama vidole vyake, nikaomba nije naye mjini nimfundishe kazi. Baba yake akaniamini mara ya pili, sijui kwa nini. Na mimi nikafika hapa nikanyamaza. Nilijiambia nitangoja Hamdun arudi na shahada yake. Jina la kliniki lisichafuke wakati mtoto yuko masomoni. Hamdun amerudi mwezi wa tano. Nikasema nitangoja Ramadhani ipite. Imepita. Nilikuwa mwoga tu, wanangu, msinitafutie jina lingine. Na wewe Nunu, najua ulidhani Flavia ni dada yako wa nje. Usiinamishe kichwa, ungewezaje kudhani vingine, namna nilivyokuwa namtazama na kushindwa kula? Ulimkaribisha hata hivyo, ukampa kitanda chako cha zamani. Hilo Mungu ameliona.

Basi nasema. Flavia, binti yangu, nisikie vizuri. Baba yako hakukosea. Aliandika kadi sawasawa, akanionya mara mbili, nikamnyamazisha. Meno yale niliyang'oa mimi. Uongo niliusema mimi. Barua niliizuia mimi. Alichofanya baba yako ni kazi yake, na akapigwa mahali pangu.

Lia, mwanangu, usijizuie. Hamdun, mpe nafasi akae karibu na baba yake.

Tobias, unasema nini? Sema kwa nguvu kidogo, masikio yamekuwa mazito... "Nimesikia." Haya. Umesikia. Sikuombi zaidi ya hapo leo. Likikujia la zaidi, hata mwaka kesho, njoo useme juu ya kaburi langu. Na lisipokuja, hunidhulumu.

Sasa agizo. Chini ya mto wangu kuna barua mbili za mkono wangu, na sahihi yangu. Moja itasomwa kibarazani kwetu siku ya tatu ya msiba, watu wa Cheyo wakiwapo, na atakayeisoma ni wewe, Hamdun, kwa sauti kubwa, usimeze maneno. Ya pili itasomwa kanisani kwao Sikonge, kama Tobias akipenda. Watu watasema mengi juu yangu. Waacheni waseme. Nyinyi hamtapungukiwa.

Vyombo vya kliniki, sheria ya dini inaniruhusu kutoa theluthi kwa asiye mrithi, nami nimemwuliza sheikh akaridhia. Theluthi hiyo ni ya Flavia: meza ya kutengenezea, mashine ya kusugulia, nta, plasta na vile vifaa vidogo vyote. Ni fundi kuliko mimi, nimemwona akiyapanga meno kwa taa ya chemli umeme ukikatika, na kesho yake yakakaa kinywani bila kuguswa tena. Mali iliyobaki ni yenu wawili kama dini inavyogawa. Lakini Hamdun, fungu lako likiwa kubwa lisikufanye bwana wa dada yako. Wewe una shahada, kiti cha mgonjwa ni chako. Daftari ni la Nunu, na daftari likisema kumi, ni kumi, hata aje mkuu wa mkoa. Flavia akisema meno hayajawa tayari, hayajawa tayari. Kila mmoja amwamini mwenzake kwenye lake, na yeyote katika nyinyi, hata atakayeajiriwa kufagia, akisema "ngoja kidogo," koleo liwekwe chini. Hiyo iwe sheria isiyobishaniwa. Mimi ningeijua hiyo, leo tusingekuwa tunalia.

Msirudie kufanya kila kitu. Atakuja mtu mnayempenda aseme nizibie tu hili moja. Mpelekeni kwa upole kwa anayeziba. Kuleni mchana pamoja, nyote, mlango ukifungwa. Mgonjwa mwelezeni mnachotaka kufanya kabla hamjamgusa, na mwacheni aulize, hata akiuliza kwa Kinyamwezi na nyinyi mna haraka. Kila mwezi mmoja wenu aende vijijini kwa watu wasioweza kuja. Wazee wengi wanakula uji tu kwa sababu hawajui kwamba kuna dawa ya kukosa meno. Na kuna maneno kwamba kliniki za watu binafsi nazo huenda zikachukuliwa. Ikifika siku hiyo, msifiche hata koleo moja. Hameni nazo. Nendeni mkafanye kazi ile ile chini ya bati la serikali, watatu kwa pamoja. Kinywa cha mtu hakijui ni nani mwenye jengo.

Nipandisheni kidogo... hapo. Nimechoka kama mtu aliyepanda mlima.

Nizikeni haraka, bila mambo mengi, ubavuni kwa Tufaha. Koti langu jeupe mpeni mwenye haja, msilitundike ukutani. Semeni apelekewe habari Igunga, na akija kutengeneza meno aingie kwanza, siku zote, yeye na wanawe. Hamdun... oa, baba. Umri unakwenda.

Mungu aibariki mikono yenu... aifanye miepesi. Awape macho ya kuona mtu kabla ya jino. Awakalishe meza moja miaka mingi, asiwagawanye. Flavia, Mungu wako na Mungu wangu ni mmoja, akulinde... akurudishie yale niliyomnyima baba yako. Hamdun, akupe subira. Nunu...

Nunu, mwanangu. Sina neno lililobaki la kukupa. Uache tu mkono wako hapo ulipo... una joto... hapo hapo.